NYUMBA TATU, MITIHANI MIWILI NA MBWA ANAYEITWA SIMBA: MWAKA WA FAMILIA MOJA YA MARA

Mwulize mtu yeyote wa Mara mwaka 2022 ulikuwaje, jibu utakalopata linategemea umemwuliza nani. Shabiki wa Yanga atacheka kabla hajajibu. Shabiki wa Biashara United atabadilisha mada. Mwalimu atakwambia habari za asilimia 23.3, na mwenye biashara ya dagaa atakwambia habari za nauli. Sasa kuna familia moja ambayo majibu yote hayo yamo ndani yake. Shida ni kwamba familia ni moja lakini nyumba ni tatu.

Baba yuko Musoma, chumba cha kupanga Nyasho, kazi yake dagaa. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi Bunda, na watoto wote watatu wanaishi naye. Bibi, mama yake baba, yuko Butiama na ng'ombe wake wanne na shamba la mihogo, na hataki kusikia neno kuhama. Ukiangalia ramani unaona ni karibu tu, barabara moja kubwa ya Sirari, unashuka Kiabakari au Makutano unaingia ndani, umefika kwa bibi. Lakini karibu ya ramani na karibu ya nauli ni vitu viwili tofauti. Kuna miezi baba alionekana Bunda mara moja tu, na akija anakuja na mfuko wa dagaa na usingizi.

Mama aliandika barua ya kuomba uhamisho kwenda Musoma miaka miwili nyuma. Barua ilikwenda. Jibu ndilo halikurudi.

Januari shule zilipofunguliwa, nyumba ya Bunda ilikuwa na watahiniwa wawili. Sista yuko kidato cha nne, dogo yuko darasa la saba. Kaka yao mkubwa alikuwa ameshamaliza chuo, ana cheti chake kwenye bahasha ya kaki, anasubiri ajira, na huku akisubiri ndiye anayechota maji, anayepiga pasi sare za wenzake na anayeulizwa na kila mgeni, "Vipi, bado tu?" Wenye vyeti kwenye bahasha mnaijua hiyo "bado tu" inavyouma.

Sista mwaka huo alianza kusomea kwenye darasa jipya, yale yaliyojengwa kwa fedha za Uviko, ambayo nchi nzima yalikuwa 15,000. Rangi bado inanuka, madawati hayana hata jina moja lililochongwa kwa bikari. Akaweka picha kwenye stetasi: "Visingizio vimeisha." Mama akaijibu kwa neno moja tu, "Tutaona."

Kwa baba mambo hayakuwa mepesi. Wanaojua biashara ya dagaa wanajua inaendeshwa na mwezi, na si mwezi wa kalenda, ni mwezi wa juu angani. Dagaa wa Ziwa Victoria wanavuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa totoro, taa inawavuta, wavu unajaa. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawaioni taa kama kitu cha ajabu tena, mitumbwi inakaa pwani. Halafu kuna jua. Dagaa wakishuka Mwigobero alfajiri wanatakiwa waanikwe siku hiyo hiyo, mvua ya masika ikinyesha saa nane mchana, gunia lililokuwa la kuuzwa kama mboga linageuka kuwa chakula cha kuku, na bei inageuka nalo. Ongeza petroli iliyovuka shilingi 3,000 kwa lita mwaka ule, utaelewa kwa nini baba simu zake zilikuwa fupi.

Pasaka iliwakutanisha wote Butiama. Kijiji kilikuwa na pilikapilika kuliko kawaida, kwa sababu tarehe 13 Aprili ilikuwa imetimia miaka 100 tangu Mwalimu Nyerere azaliwe. Watoto wakapelekwa Mwitongo, wakaona kaburi, wakaona makumbusho. Sista alisimama muda mrefu kuliko wenzake. Alikuwa anapiga hesabu: Mwalimu alianza shule mwaka 1934, akiwa na miaka 12 hivi, na shule yenyewe ilikuwa Mwisenge, Musoma, siyo hapo mlangoni. Yaani umri ambao dogo anakaribia kumaliza darasa la saba, mwenzake ndiyo kwanza anaanza la kwanza, na amelala bwenini mbali na kwao.

"Bibi, kumbe hata Mwalimu familia yake ilikuwa huku yeye yuko Musoma," dogo akasema.

"Ndiyo, mume wangu," bibi akamjibu, maana bibi na mjukuu wana utani wao. "Lakini yeye alikwenda kusoma. Baba yako alikwenda kuuza samaki wadogo."

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, ila alichelewa kidogo.

Siku ya kuondoka, bibi akamkabidhi dogo mbwa. Dume la rangi ya udongo, sikio moja limesimama moja limelala, umri kama mwaka na nusu. Bibi alikuwa akimwita "mbwa" tu, kwa hoja kwamba yeye ni mbwa na jina analo tayari. Dogo hakukubali. Ni Simba damu, kwa hiyo kabla gari halijafika Kiabakari mbwa alikuwa ameshaitwa Simba. Baba, ambaye ni Yanga tangu enzi za redio, akasema nyumba yake haiwezi kuwa na kitu kinaitwa Simba halafu kinakula ugali wake. Dogo akamwambia, "Baba, nyumba ya Bunda ni ya mama." Utani ule ulikuwa na ncha, na kila aliyekuwa kwenye gari aliisikia.

Mei 28, baba alifanya kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Alikuja Bunda asubuhi, akamchukua dogo, wakapanda basi kwenda Mwanza kuangalia nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga, CCM Kirumba. Mmoja amevaa nyekundu, mwingine kijani na njano, siti moja. Feisal Salum akapiga lile bao, ikaisha 1-0, Yanga fainali. Dogo alilia njia nzima mpaka Lamadi. Baba hakumtania hata kidogo. Alimnunulia soda, akamwambia mwaka 2021 wakati Simba inachukua ubingwa wa nne mfululizo yeye alikula ugali mkavu kwa hasira. Mama anasema ile safari ilimfanyia dogo kazi kuliko tuisheni ya miezi mitatu, kwa sababu alirudi anataka kusoma, ili awe "mtu wa kukata tiketi mwenyewe."

Yanga ikamaliza ligi msimu ule bila kupoteza mechi hata moja. Lakini furaha ya baba haikuwa kamili, maana watu wa Musoma wana timu ya pili moyoni. Biashara United, Wanajeshi wa Mpakani, walipanda Ligi Kuu mwaka 2018, wakafika mpaka Kombe la Shirikisho Afrika, wakaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mechi ya kwanza, halafu wakatolewa kwa sababu hawakufika Libya kwa marudiano. Miezi michache baadaye, msimu huo huo, wakashuka daraja. Uwanja wa Karume, ambako Simba na Yanga walikuwa wanakuja kila msimu na mama lishe wanauza mpaka sufuria inabaki kavu, ukabaki unasubiri Championship. Baba alikuwa anasema timu ikishuka haishuki peke yake, inashuka na muuza chipsi, dereva wa bajaji na mwenye gesti.

Julai ikaja zamu ya mama. Mwezi Mei serikali ilitangaza nyongeza ya kima cha chini cha mshahara kwa asilimia 23.3. Kwenye magrupu ya walimu watu walishaanza kupiga hesabu, asilimia 23 ya mshahara wangu ni shilingi ngapi, nitapaka rangi, nitaezeka. Slipu zilipotoka, wengi wakagundua ile asilimia ilikuwa ya kima cha chini, ukipanda juu inapungua. Mama alipata elfu ishirini na kitu. Akakaa na slipu yake jikoni, akaikunja mara nne, akasema, "Haya, imetosha ya maziwa." Hakuizungumzia tena.

Aliyeokoa bajeti ni yule wa "bado tu." Kaka mkubwa alipata ukarani wa sensa. Akaenda mafunzo, akavaa kizibao, akakabidhiwa kishikwambi, na Jumanne ya Agosti 23 akawa anapita kaya hadi kaya Bunda akiuliza swali lile lile: nani walilala hapa usiku wa kuamkia leo? Swali likampata mwenyewe. Jioni alipopiga simu kwa baba na kwa bibi kuuliza kama wamehesabiwa, akaona kilichotokea. Baba amehesabiwa Musoma, kaya ya mtu mmoja. Bibi amehesabiwa Butiama na mjukuu wa jirani anayelala kwake. Mama na watoto, Bunda. Kwa hesabu ya taifa, ile familia ni kaya tatu. Sensa haikukosea, iliandika ilichokikuta. Tanzania ilipotangazwa kuwa na watu 61,741,120, wao walikuwa humo wote, ila siyo pamoja.

Kaka akasema pesa yake ya ukarani ananunua laptop, kwa ajili ya kutuma maombi ya kazi. Laptop haikununuliwa.

Katikati ya Septemba, wiki tatu kabla ya mtihani wa darasa la saba, dogo alikuwa anatoka shule saa kumi jioni, Simba amemfuata kumpokea kama kawaida yake. Karibu na nyumbani akatokea mbwa asiyejulikana, anatembea upande upande, mate yanamtoka. Akamrukia dogo akamng'ata mguuni chini ya goti. Simba akaingilia, wakapigana, yule mgeni akakimbia. Baadaye watu walimuua mtaa wa pili, akiwa ameshang'ata na mbuzi.

Ni sista aliyekuwa nyumbani. Hakupaka pilipili, hakufunga kitambaa, hakuweka mafuta ya taa, ingawa majirani watatu walishauri vitu vitatu tofauti. Alimkalisha dogo kwenye ndoo chini ya bomba, akaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, kwa saa ya simu. Dogo anapiga kelele, yeye anaosha. Alijifunza kwenye klabu ya afya shuleni, na siku ile hakuna aliyemwuliza amejifunzia wapi.

Mama alipofika wakaenda kituo cha kwanza, chanjo hakuna. Cha pili, hakuna. Wakaambiwa wajaribu Musoma. Wakati huo mama anampigia baba simu, haipatikani. Baba alikuwa ameamka saa tisa usiku kwenda kupokea mitumbwi, sasa amelala Nyasho, simu imezima iko kwenye chaji. Mama alipiga mara kumi na saba. Kaka ndiye alihesabu baadaye.

Walifika Musoma usiku. Chanjo ilipatikana, na sindano siyo moja, unarudi kwa tarehe unazopangiwa, ukiruka umejidanganya. Kichaa cha mbwa hakina mchezo: dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila anayeugua anakufa. Kabla ya dalili, chanjo inaokoa. Kati ya hizo habari mbili katikati kuna pesa na nauli tu. Gharama ya dozi zote na safari ilizidi nyongeza ya mshahara ya mama ya miezi minne. Kaka akatoa simu yake, akalipa. Hakusema kitu kuhusu laptop, na mpaka leo akikumbushwa anasema, "Laptop gani?"

Baba alifika hospitali saa nne usiku, malapa miguuni, magamba ya dagaa bado kwenye mikono. Mama hakumgombeza. Alimwambia tu, "Baba nanii, leo mtoto kaoshwa na mtoto." Wanaume wanaojua kusikiliza wanajua hiyo ni nzito kuliko matusi.

Nyumbani Bunda kulikuwa na kesi nyingine. Simba alikuwa na alama za meno shingoni, na majirani walitaka auawe. Ukiwa mkweli, walikuwa na haki ya kuogopa, mtaa una watoto. Mwenyekiti wa mtaa akaja, akaja na daktari wa mifugo. Daktari akauliza swali moja: "Huyu amechanjwa?" Hakuna aliyejua. Wakampigia bibi. Bibi ana kitochi, hakiwezi kutuma picha, lakini sauti yake ilisikika mpaka kwa mwenyekiti: "Amechomwa sindano mwaka jana, kadi ninayo!" Kaka akapanda gari asubuhi, akafika Butiama, bibi akafungua kasha. Kadi ya mbwa ilikuwa imekaa pamoja na kadi za kliniki za watoto wake wote, kwenye mfuko mmoja wa nailoni.

Hapa kuna jambo ambalo vijana wengi wa mjini hawalijui. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao ni wa mbwa, uliingia Serengeti na kuua karibu simba 1,000, kama theluthi moja ya simba wote wa mbuga ile. Wataalamu wakafuatilia, wakaona mbwa wa vijijini wanahusika. Ndipo vijiji vinavyozunguka Serengeti vikaanza kuona kampeni za kuchanja mbwa, distempa na kichaa pamoja, watu wamepanga foleni na mbwa wao wamefungwa kamba za katani. Mbwa wa Mara anapochomwa sindano, analindwa yeye, analindwa mtoto anayecheza naye, na analindwa simba wa kweli. Bibi alikuwa ametembea na mbwa wake kwenda kwenye ile foleni kwa sababu moja tu: mjumbe alitangaza, na ilikuwa bure.

Daktari akamdunga Simba chanjo ya kuongezea, akaagiza afungwe na kuangaliwa kwa siku 45. Sista akachora jedwali la siku 45 kwenye karatasi ya manila, akalibandika ukutani pembeni ya ratiba yake ya kujisomea. Kila asubuhi anaweka alama mbili, moja ya mbwa na moja ya fizikia.

Oktoba 5 dogo akaingia kwenye chumba cha mtihani na alama ya jino mguuni. Mwanzoni mwa Novemba Simba akamaliza kifungo chake, mzima, kanenepa. Novemba 14 sista akaanza mtihani wa kidato cha nne. Kombe la Dunia lilianza Qatar akiwa bado na karatasi, simu yake ikakaa kwa mama, akasikia matokeo kwa kelele za kibanda umiza tu. Ila Desemba alikuwepo, wakati Morocco inawatoa Hispania na Ureno na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali. Siku hizo baba na dogo walishangilia timu moja kwa mara ya kwanza maishani.

Na mwisho wa mwaka serikali ilianza kugawa vile vishikwambi vya sensa kwa walimu. Mama alipoletewa cha kwake, kaka akakishika, akakigeuza, akasema, "Shikamoo bosi." Sasa ndicho anachotumia kutuma maombi ya kazi.

Krismasi walikuwa Butiama. Baada ya kula, baba akasema ana neno. Amepata fremu sokoni Bunda. Dagaa atauzia huko, Musoma atakwenda kwenye siku za giza tu, mzigo unaposhuka, na mbalamwezi ikiwaka atakuwa nyumbani. Faida itapungua, alikiri, kwa sababu Musoma ndiko wanunuzi wakubwa wanakokuja. Mama akauliza maswali ya kimahesabu, kodi kiasi gani, mtaji unabaki kiasi gani, jibu moja halikumridhisha, akasema hivyo mbele ya wote. Bibi akasema, "Mwache ajaribu. Barua yako wewe tunaisubiri mpaka lini?"

Januari 29, 2023 matokeo ya kidato cha nne yalitoka, mwaka ule ambao NECTA iliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Sista alipata divisheni ya pili. Alitaka ya kwanza, akanuna siku mbili, siku ya tatu akaanza kuuliza kuhusu vyuo vya afya. Dogo yuko kidato cha kwanza. Kaka bado anasubiri. Fremu ya Bunda miezi ya kwanza iliuza kidogo, na kuna jioni baba anahesabu pesa kimya muda mrefu. Lakini kwa mwezi ana wiki mbili hivi za kulala kwake, na dogo sasa akitoka nje usiku kumfungulia Simba, kwanza anatazama juu kuona mwezi umefika wapi.